Nilikungoja Addis

“Zima hiyo televisheni, mwanangu. Utajitia ugonjwa bure.”

Nasiba hakusikia. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na upawa mkononi, mbaazi zinaungulia jikoni, macho yamemganda kwenye kioo. Mtangazaji alisoma kwa sauti ile ile anayosomea habari za mvua: serikali ya Somalia imevunja uhusiano wake na Kenya. Wanadiplomasia wa Kenya walioko Mogadishu wamepewa siku saba waondoke. Wa Somalia walioko Nairobi wameitwa warudi kwao.

“Mama, Amjad yuko Mogadishu.”

“Najua aliko mkwe wangu,” alijibu Bi Shekha, akiinuka kwenda kuziokoa mbaazi. “Mpigie yeye, usinitolee macho mimi.”

Simu iliita mara mbili, ikapokewa.

“Nimesikia, Nasiba. Nimesikia kabla yako. Hapa ofisini watu wanapiga makofi.”

“Wanampigia nani?”

“Hata wao hawajui. Usitie wasiwasi. Haya ni maneno ya wakubwa, hayatamaliza mwezi.”

“Na viza yako?”

Amjad akateremsha sauti.

“Asubuhi nilikwenda kuiulizia. Mlinzi wa ubalozi ameniambia nisirudi tena. Wanapakia makaratasi kwenye magari.”

“Uliniambia wiki tatu. Hii ni ya ngapi?”

“Ya tano. Nifanyeje, mke wangu? Niparamie ukuta?”

Walikuwa na miezi minne tu ya ndoa. Amjad ni mzaliwa wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia ambako wenyewe wana Kiswahili chao cha tangu zamani. Alikuja Kilifi kusoma chuo kikuu, akamaliza, akabaki Malindi kufundisha Kiingereza katika shule ya watu binafsi, kila baada ya miezi akihangaikia kibali cha kukaa. Nasiba alimjua kwenye duka la dawa alikokuwa akiuza. Siku ya kwanza Amjad alinunua dawa ya kikohozi. Siku ya pili akanunua tena. Siku ya tatu Nasiba akamwuliza, “Kaka, kikohozi chako mbona hakisikiki?” Amjad akacheka mpaka akakohoa kweli.

Bi Shekha alimpenda kwa ulimi wake. Kila Amjad alipoingia, Bi Shekha alimkalisha na kumtaka aseme jambo kwa Kibarawa, kisha akajipiga paja kwa furaha, maana maneno mengine aliyasikia mara ya mwisho kwa nyanya yake wa Lamu. Na kwa kuwa baba alikuwa marehemu, kaka mkubwa ndiye aliyeoza. Zubeir ndiye aliyeutia mkono wake katika mkono wa Amjad msikitini na kutamka mbele ya watu kwamba amemwoza dadake.

Novemba Amjad akaenda kwao kupata pasipoti mpya na kumtazama mamake aliyekuwa mgonjwa. Akiwa huko, ami yake akamtafutia kazi ya ukalimani ya miezi sita katika wizara ya mambo ya nje, kwa sababu alijua Kiswahili na Kiingereza.

“Nikiwa mtumishi wa serikali nitapata pasipoti ya kazi,” alimwambia Nasiba. “Nitaingia Kenya kifua mbele. Nimechoka kuingia kama mwizi.”

Hilo lilikuwa kabla ya ubalozi kufungwa.

Mwisho wa Januari, Zubeir aliingia nyumbani saa saba mchana, saa ambayo kwa kawaida yuko kazini. Alikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya serikali hapo mjini, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno machache. Siku hiyo hata salamu hakutoa. Aliiweka simu mezani mbele ya Nasiba.

“Tazama.”

Ilikuwa video ya televisheni. Amjad alikuwa amevaa suti, ndevu amezichonga, nyuma yake bendera ya buluu yenye nyota. Alikuwa anahojiwa na mwandishi wa Kenya juu ya mpaka wa baharini unaogombewa na nchi hizo mbili, na alijibu kwa Kiswahili safi cha Malindi: “Msimamo wetu haujabadilika. Bahari ile ni yetu. Hatuombi ruhusa ya mtu kuwa na bahari yetu.”

Nasiba aliitazama mpaka mwisho.

“Huyu ndiye niliyemwoza dadangu?” Zubeir aliuliza.

“Amepewa maneno ayaseme. Yeye ni mkalimani.”

“Mkalimani hutoa maneno ya mwingine. Huyu amesema ‘yetu’. Umemsikia? ‘Yetu’!”

“Na wewe ukiwa ofisini kwako husemi ‘yetu’?”

“Usinijibu hivyo, Nasiba!”

“Zubeir, teremsha sauti,” Bi Shekha aliingilia. “Huyu ni mke wa mtu.”

“Basi huyo mtu amwache!” Akavuta kiti, akaketi, na ghafla akaonekana kachoka. “Mama, video hii imefika kila simu. Sokoni wananiita shemeji wa Somalia, nameza. Lakini leo wamekuja watu wawili kutoka Mombasa. Mashati ya kawaida, hawana sare. Wamenifungia chumbani wakaniuliza mara tatu: shemeji yako anafanyia kazi nani? Mkizungumza anakuuliza nini? Mara tatu, mama. Nina watoto wanne.”

Nasiba alitoka uani akampigia mumewe.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nimeambiwa nusu saa kabla. ‘Wewe ndiye unayekijua Kiswahili, keti hapa.’ Ningesemaje?”

“Ungesema hapana.”

“Nasiba, huku si Malindi.”

“Naona. Na huku nako si Malindi tena, Amjad. Kakangu anahojiwa kama mhalifu.”

“Nisamehe.”

“Sitaki nikusamehe. Nataka nikuone.”

Fikira ya Addis ilikuwa yake Nasiba. Yeye hawezi kwenda Mogadishu, mumewe hawezi kuja Malindi, basi wakutane kwa jirani wa tatu, Ethiopia, wakae siku chache wazungumze uso kwa uso, waone watafanya nini na maisha yao. Alipomwambia Amjad, simu ilikaa kimya mpaka akadhani imekatika.

“Upo?”

“Nipo. Ni fikira nzuri.”

Kesho yake akamtumia picha ya tiketi. Tarehe kumi na saba Februari.

Bi Shekha alipika halwa kwa mkono wake, akaifunga kwenye bati dogo, akaweka na kifuko cha udi. Zubeir alipojua, Nasiba alitaraji vurugu. Hakuna. Alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba, akamtazama anavyokunja nguo.

“Ndege yako ya Nairobi kwenda huko ni saa ngapi?”

“Saa tisa mchana.”

“Mungu akufikishe salama.”

Nasiba aliacha kukunja. Maneno hayo yalimgusa, akamfuata kakake, akambusu mkono kama alivyokuwa akimfanyia babake.

Pale uwanja wa ndege Nairobi, msichana wa dirishani alikuwa mpole. Aliipokea pasipoti, akaandika jina, akasita, akaliandika tena. Kisha akamwomba Nasiba asogee pembeni. Akaja mwanamume wa makamo, barakoa imemteremka puani.

“Dada, hutasafiri leo.”

“Kwa nini? Kipimo cha korona ninacho, tiketi ninayo.”

“Jina lako lina alama.”

“Alama ya nini?”

“Sijui. Mimi naiona alama, simwoni aliyeiweka.”

“Mume wangu ananingoja Addis.”

“Mumeo ni nani?”

Akamtajia. Mwanamume akaliandika lile jina kwenye karatasi, polepole, herufi moja moja, na Nasiba akajuta kulitaja.

Aliandika ujumbe ameketi sakafuni, mgongo ukutani, watu wanamruka na mizigo yao: “Wamenizuia. Sijui nimekosa nini. Wewe umefika?”

Jibu lilichukua saa nzima. “Nimefika. Nakungoja. Jaribu kesho.”

Akajaribu kesho. Akajaribu kesho kutwa. Siku ya nne akarudi Malindi na bati la halwa halijafunguliwa.

Wiki haikumalizika. Alikuwa stoo ya duka la dawa akipanga maboksi, Jedida, mwenzake wa kazi, yuko mbele anahudumia wateja, simu ilipotetemeka. Ujumbe wa sauti. Akausikiliza amesimama.

“Nasiba. Nilikungoja Addis siku tatu. Kila ndege ya Nairobi iliposhuka nilisimama mlangoni nikitazama wanaotoka. Hukuja. Sikulaumu. Lakini mambo haya hayatakwisha leo wala kesho, na mimi siwezi kukufunga. Nimekuacha talaka moja. Nisamehe, na mama anisamehe.”

Jedida alimkuta amechutama katikati ya maboksi, amejiziba mdomo kwa mkono.

“Nasiba! Nini? Nani amekufa?”

“Alisimama mlangoni siku tatu,” Nasiba alisema. “Alinisubiri siku tatu, Jedida, na mimi sikutokea.”

Nyumbani, Bi Shekha aliyapokea kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzika wengi. “Talaka moja ina marejeo. Kaa eda yako, umwombe Mola. Wakubwa wakipatana, mumeo atakurudia.” Zubeir aliingia, akaambiwa, akasema pole akiwa ametazama chini. Akatoka bila kunywa chai.

Na wakubwa walipatana. Ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, mwezi wa Mei, watu wamekaa kungoja magharibi, habari ikatangazwa kwamba uhusiano umerudishwa. Bi Shekha alipiga kigelegele peke yake ukumbini. Nasiba hata kufuturu hakuweza. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mwishowe akatuma:

“Njia zimefunguka. Eda yangu imebaki wiki mbili. Sema neno moja tu kwamba umenirudia, tutakuwa mume na mke kama jana. Sitakuuliza lolote.”

Alama mbili zikageuka buluu. Amesoma.

Nasiba alilala na simu mkononi kwa wiki mbili. Idi ikaja, watoto wa Zubeir wakavaa nguo mpya, wakaja kuomba idi yao kwa shangazi, akawapa. Eda ikaisha siku ya Jumanne. Jibu halikuja, na baada ya hapo hata ile namba haikupatikana tena.

Agosti akaja Gachanja. Alikuwa mtoto wa mwalimu aliyewahi kufanya kazi Malindi, akasoma darasa moja na Zubeir toka wadogo, na sasa alikuwa ofisa wa uhamiaji kule uwanja wa ndege Nairobi. Alikuja pwani kwa mapumziko, na hakuweza kupita bila kumwamkia Bi Shekha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umenenepa! Keti ule.”

Wakala pilau, wakacheka ya zamani. Zubeir peke yake hakucheka. Halafu Gachanja, kwa moyo mweupe kabisa, akamgeukia Nasiba.

“Dadangu, natumai hukunishikia kinyongo kwa ile ya Februari.”

“Ya Februari ipi?”

“Ya Addis.”

“Gachanja,” Zubeir alisema, “kula.”

“La, acha nimwombe radhi. Zubeir alinieleza yote. Kwamba kuna mtu anakuvuta uvuke mpaka ukapotelee huko, na kwamba wewe mwenyewe umetaka kusaidiwa, ila huwezi kumkatalia huyo mtu. Ndipo nikakutia jina kwenye orodha. Hata dakika mbili hazikufika. Nimeshaliondoa, usijali, sasa waweza—”

Aliziona nyuso zao, akakoma.

Bi Shekha alikuwa anamwongezea Nasiba mchuzi. Aliendelea kuutia, upawa wa pili, wa tatu, sahani ikajaa, ukamwagika mkekani.

“Zubeir,” alisema bila kumtazama, “sema si kweli.”

“Ni kweli, mama.”

Gachanja alisimama, akatafuta viatu vyake, akatoka akiomba radhi kwa mlango, kwa ukuta, kwa kila kitu. Hakuna aliyemsindikiza.

“Ulinibusisha mkono,” Nasiba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Uliniuliza saa ya ndege, nikakubusu mkono.”

“Walirudi mara ya pili, Nasiba. Wale watu. Waliniambia, dadako akionekana na yule mtu nje ya nchi, wewe kazi huna, na huenda tukaja tukuchukue. Nilidhani nakuokoa. Nilidhani najiokoa. Sijui nilianza na lipi.”

“Ungeniambia.”

“Ungekwenda.”

“Ningekwenda, ndiyo! Alisimama mlangoni siku tatu! Mume wangu amesimama kwenye nchi ya watu, anahesabu wanaotoka, anadhani nimemkimbia. Akaniacha kwa sababu yako. Wewe uliyenioza, Zubeir, ndiwe uliyeniachisha.”

“Nisamehe.”

“Usinisemeshe. Kuanzia leo usinisemeshe.”

Waliishi ua mmoja, mlango kwa mlango, na Nasiba akashika neno lake. Zubeir alitoa salamu kila asubuhi, na kila asubuhi Nasiba alipita kama hakuna mtu. Oktoba mahakama ya kimataifa ikatoa hukumu ya ile bahari, sehemu kubwa ikapewa Somalia, Kenya ikaikataa hukumu, na wanaume wa mtaani wakabishana kwa siku nyingi juu ya kahawa. Zubeir hakuwa miongoni mwao. Cheo alichokuwa akikingoja kilipewa mwingine. Ndevu zake ziliingia mvi upande mmoja kwanza, kisha zote.

Nasiba alikataa posa mbili. Mamake alipomwuliza sababu alisema, “Yule alinisubiri, mama. Hawa wananitaka tu.”

Machi ya mwaka uliofuata, Jedida alirudi dukani mbio, baada ya kupeleka dawa ya tumbo kwa mgeni wa hoteli moja kule barabara ya Casuarina.

“Nasiba, nimemwona mumeo.”

“Sina mume.”

“Basi nimemwona yule. Kuna mkutano wa watu wa Kenya na wa Somalia, mabango mpaka getini, ‘Ujirani Mwema’. Yeye ndiye anayetafsiri. Wanamaliza leo.”

Nasiba hakubadili hata nguo. Alipanda tuktuk na buibui la kazini. Alikuwa na jambo moja la kumwambia, na alikuwa amelibeba miezi saba.

Alimkuta bustanini, wakati wa chai, na kitambulisho shingoni. Amenenepa. Alipomwona Nasiba akakiweka kikombe juu ya nyasi.

“Nasiba.”

“Hujambo, Amjad. Sikuja kukugombeza.”

“Keti.”

“Nitasema hivi hivi. Si mimi niliyekutupa Addis. Ni Zubeir. Kakangu ndiye aliyetaka jina langu litiwe alama. Nimejua mwaka jana, nikakutafuta, namba yako haipatikani. Nataka ujue tu. Kila siku nakuwazia umesimama pale mlangoni, na nashindwa kula. Sikukukimbia. Wallahi sikukukimbia.”

Alitaraji Amjad afurahi, au alie, au amkasirikie Zubeir. Amjad alitazama mikono yake.

“Nasiba, tafadhali keti.”

Akaketi.

“Sikuwa Addis.”

“Nini?”

“Sikwenda. Sikupanda ndege.”

“Ulinitumia tiketi.”

“Niliinunua. Nilitaka kuja, Mungu ni shahidi. Siku moja kabla ya safari mkubwa wangu akaniita. Ana fomu. ‘Una mke raia wa Kenya? Ndiyo au la.’ Akasema, panda hiyo ndege, huko mtu wetu atakuona, na ukishapanda usirudi. Mama yuko kitandani, dawa zake zinatoka kwenye kazi ile. Nikatia alama kwenye la.”

“Siku moja kabla,” Nasiba alirudia. “Mimi nilikuwa nakunja nguo.”

“Najua.”

“Mama alikuwa anakupikia halwa.”

“Najua, Nasiba.”

“Ukaniacha nitoke nyumbani.”

“Nilishika simu mara kumi. Sikuweza. Nikamwomba Mungu atokee mtu akuzuie. Uliponiandikia umezuiwa, nilifurahi. Nakwambia kweli kwa sababu sina jingine la kukupa. Nilifurahi. Nikaona nimepata pa kutokea, nikasema nakungoja.”

“Kila ndege iliposhuka ulisimama mlangoni. Uliniambia kwa mdomo wako.”

“Niliyasema nikiwa Mogadishu, kitandani kwangu.”

Nasiba aliyatazama maua ya hoteli, mekundu, yamekatwa sawasawa. Alijaribu kujiona kule Addis, ameshuka na bati lake, anatafuta uso mmoja kati ya nyuso za wageni. Angesubiri. Alijijua. Angesubiri mpaka wamfukuze.

“Na ujumbe wangu wa Ramadhani?”

“Niliusoma.”

“Nchi zilikuwa zimepatana.”

“Fomu haikuchanwa, Nasiba. Ile nimeshaisaini. Na wakati ule walikuwa tayari wamenioza binti wa ami yangu.”

“Una mtoto?”

“Mmoja.”

“Mungu amkuze.”

“Ningeweza kukaa kimya,” Amjad alisema. “Ungeondoka ukiamini ni kakako. Nilifikiri hilo ulipokuwa unasema.”

“Mbona hukukaa kimya?”

Mtu alijitokeza kwenye mlango wa ukumbi akapunga karatasi. “Mkalimani! Tunaanza!” Amjad akasimama, akanyoosha koti, akasimama vile vile kama anayengoja ruhusa.

“Nenda,” Nasiba alimwambia. “Wanakungoja.”

Getini hapakuwa na tuktuk. Ilimbidi asimame juani, na vipaza sauti vya ukumbini vikamfikia hadi pale. Mheshimiwa fulani alikuwa anaongea kwa Kisomali, na sauti ya Amjad ikamfuata nyuma kwa Kiswahili, imetulia, nzuri kama zamani: sisi ni ndugu, damu yetu ni moja, yaliyotokea yamepita. Watu wakapiga makofi.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeelekea alasiri. Zubeir alikuwa kwenye baraza ya nje, peke yake. Jedida alikuwa amekwisha kupita kuwaeleza. Aliinuka alipomwona dadake.

“Nasiba. Najua umenikataza. Niache nikuulize moja tu, kisha sitakusumbua tena.”

Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, Nasiba alisimama mbele yake.

“Nimeambiwa umeonana naye. Kila nikisali linanijia hili. Ni kweli alikuja Addis? Alikungoja kweli?”

Nasiba alimtazama: mvi, kola iliyochakaa, mikono iliyomshika akiwa mdogo akijifunza kutembea. Neno moja tu lingemtua mzigo. Alikuwa nalo, limefika hadi kwenye ulimi. Lakini kulitoa ilikuwa ni kumkabidhi kakake kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, kwamba palikuwa na mtu duniani aliyewahi kusimama mlangoni kwa ajili yake.

“Alingoja,” alisema. “Siku tatu.”

Zubeir aliketi chini, akaufunika uso kwa viganja.

Nasiba akaingia ndani. Bi Shekha alikuwa ukumbini, anachambua mchele, ameacha mkono juu ya ungo.

“Amesemaje, mwanangu?”

“Hana la kusema, mama.”

Akalivua buibui, akalitundika, akaketi kando ya mamake, akavuta ungo upande wake na kuanza kutafuta mawe. Nje kakake alikuwa analia kwa sauti ya chini. Wote wawili walimsikia, na hakuna aliyetoka kwenda kumnyamazisha.